Mrija wa Mapatano

Mdogo wake alinyonya pombe ya mtama, akakohoa kikohozi kizito cha kifuani, kisha akamwelekezea Libère mrija uleule.

"Kunywa, mukubwa. Mi nimechoka na hii vita ya shamba."

Tangu wamzike baba yao kule Ruziba hawakuwa wamepeana hata salamu. Lakini habari za kansa ya Libère ziliwafikia ndugu, nao wakaleta mtungi ili wawili hawa wapatane kabla mmoja hajaondoka. Sasa wameuzunguka, macho yote kwa Libère. Anayeukataa mrija amekataa undugu.

Na uvimbe wa shingoni ulikuwa umeanza kusinyaa. Wiki iliyopita, baada ya dripu, daktari alimwonya: "Dawa hii inaua kansa, lakini inaua pia askari wa mwili wako. Siku zinazokuja utakuwa huna mlinzi. Hata mafua yanaweza kukuzika."

"Ao bado una kinyongo?" mdogo wake aliuliza, akakohoa tena, mkono ungali umeshika mrija.

Ncha yake iling'aa kwa mate. Tone moja lilining'inia pale, halidondoki.

Libère alishusha barakoa hadi kidevuni, akainama.