Ukurasa wa Kilomita Elfu Themanini

Yule mama hakutazama matairi. Hakufungua boneti, hakuuliza bei, wala hakujaribu kiti. Alisimama juani katikati ya yadi, akaweka mkoba wake chini katikati ya miguu, akasema:

"Daftari la sevisi, mwanangu."

Muuzaji alimtambua papo hapo. Wauza magari wote wa mjini walimwita Mama Kurasa. Mwaka wa sita sasa anazunguka yadi kwa yadi, anaulizia magari meupe ya aina moja tu. Akipewa daftari analipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayechambua mchele. Kisha anasema, "Asante, limekamilika," na kwenda zake. Wengine walisema hana akili timamu. Wengine walisema anamtafutia mwanawe gari, ila roho yake haitulii.

Leo atatulia, muuzaji alijiambia. Maana gari hili halikuwa la biashara. Lilikuwa la marehemu baba yake.

Miaka yote hiyo lilikuwa linalala uani kwao. Mama yake alikuwa amepigilia misumari dirisha la upande ule, na juu yake akatundika pazia zito. Baba alikuwa akiamka kabla ya ndege, anachukua ndoo na kitambaa, anaosha gari upande wa mbele tu. Boneti, taa, bampa. Nyuma hakugusa, kwenye vumbi la nyuma ungeweza kuandika barua. Na hata baada ya kuzikwa, mama alidai bado anaisikia ile ndoo ikiburuzwa.

"Liondoe, baba," alimwambia mwanawe wiki iliyopita. Alikuwa amekonda, amebaki macho. "Likiondoka, na yeye atapumzika. Na mimi nitalala."

Sasa Mama Kurasa alikuwa analifunua daftari la gari hilo.

"Mzee alikuwa mtu wa utaratibu," muuzaji alimwambia. "Kila kilomita elfu tano, fundi yule yule, muhuri ule ule. Gari lisilo na daftari ni kama mchumba asiye na kwao, mama. Hili kwao kunajulikana."

Mama hakucheka. Kidole kilikwenda, kikaenda, kikasimama.

"Hapa pametoka ukurasa."

Muuzaji akainama. Kweli. Elfu sabini na tano, kisha elfu themanini na tano. Katikati kulikuwa na kisiki cha karatasi, kimechanwa vibaya vibaya, na mtu mwenye haraka.

"Ah, karatasi hizo, mama. Huchanika zenyewe."

"Haya mengine yote nimeyaona. Mimi nataka ya hapa." Sauti yake ilikuwa ikikatikakatika, kama ya mtu aliyepanda ngazi nyingi. "Niletee kilichoandikwa hapa, mwanangu, na sitazunguka tena."

Muuzaji aliposikia hivyo alimwona akilini mama yake amelala usingizi, dirisha wazi.

Alifika gereji anahema. Fundi wa baba yake alikuwa mzee sasa, anashinda kwenye kigoda akipanga spana ambazo hakuna aliyezitumia. Nakala za risiti zake zote alizitunza kwenye makopo ya rangi, kila kopo na mwaka wake.

"Achana nayo," alisema aliposikia ni ya kilomita ngapi.

"Fundi, wewe ni baba yangu mdogo, unanijua tangu sijui kufunga viatu. Mama halali. Mnunuzi nimemwacha amesimama juani. Karatasi moja tu!"

Fundi aliweka spana chini. Kisha akainuka, akafungua kopo, akapekua.

"Baba yako alisema ni mbuzi," akasema, wala hakuna aliyemuuliza. "Mimi kazi yangu kunyoosha bati."

"Mbuzi gani tena, fundi? Lete nikauze gari."

Alipewa bila kutazamwa usoni. Naye hakuisoma. Aliangalia chini kabisa ya karatasi, akaona muhuri, akaikunja. Ndivyo walivyo wauza magari: muhuri ukiwapo, mengine ni maneno.

Yadini alimkuta Mama Kurasa pale pale, mkoba katikati ya miguu. Kivuli chake tu ndicho kilichokuwa kimehama.

"Nimeupata!"

"Nisomee," alisema. "Nataka kuyasikia kwa mdomo wa mtu."

Muuzaji akakohoa, akasoma kwa ile sauti yake ya kunadi. "Kubadilisha oili. Unaona? Taa ya mbele ya kushoto, mpya. Mzee hakuwa bahili! Kioo cha mbele, kipya. Kunyoosha boneti. Kupaka rangi upande wa..." Sauti ikaanza kumpungua, hata yeye mwenyewe hakujua kwa nini.

"Tarehe?"

"Kumi na nne, mwezi wa tatu." Akautaja na mwaka.

"Kesho yake," mama alisema polepole, kama anayejihesabia mwenyewe.

Upepo ulipita yadini, ukafunua kurasa za daftari na kuzifunika. Muuzaji akanyoosha mkono wenye ufunguo.

"Basi, mama. Sasa limekamilika."

Mama Kurasa hakuupokea. Aliinama, akafungua mkoba wake, akatoa soksi moja nyeupe ya shule, ndogo, imefungwa fundo. Alilifungua lile fundo kwa meno. Kisha akaiinamisha soksi juu ya boneti, pale pale alipokuwa akiosha baba, na vipande vya kioo cha taa vikamwagika.