Sekunde Kumi na Tano

Pete ilikataa kutoka. Semisi alikwisha kuipaka sabuni, mafuta ya nazi, na sasa sabuni tena, na kidole kilikuwa kimevimba kama ndizi ya kuchoma.

"Vuta, Baba," alisema binti yake, Losaline. Alikuwa na miaka saba, na subira yake ilikuwa imemwishia kwenye lifti. "Unabeba piano za watu mpaka ghorofa ya nne, halafu pete moja inakutoa jasho?"

"Punguza mdomo, wewe."

"Mashine ni sumaku. Itaondoka na pete na kidole chako."

Bibi Kalolaine, mama yake Semisi, hakuingilia. Alikuwa akigawa magimbi na nyama ya kopo iliyopikwa kwa tui kwa chumba kizima cha kusubiri, wakiwemo mafundi wawili waliokuja kutengeneza taa. Watonga wa visiwani hawaendi hospitalini mikono mitupu, na nusu ya wafanyakazi wa hospitali hii ya watoto ya Auckland walikuwa wamenenepa kwa juhudi zake.

Safari ya mwezi Mei ilikuwa fedheha tupu. Mgonjwa alikaa ndani ya mashine sekunde arobaini, akaminya mpira wa dharura, akatoka mbio huku gauni la hospitali likipepea mgongoni. Picha za moyo zilitoka kama uji uliomwagika. Picha zikikosekana leo, nafasi nyingine ni baada ya miezi minne, na madaktari wa upasuaji walisema bila kuzunguka: ikiwa kiraka kilichoshonwa kwenye mshipa mkuu siku ya nne ya maisha kimeanza kuachia, hiyo miezi minne haipo. Kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi ili apigwe picha? Kwa moyo ule, hakuna aliyethubutu.

Basi wiki nzima mazoezi yalifanyika nyumbani, chini ya meza ya sebuleni. Losaline aligonga sufuria kuiga kelele za mashine, Bibi alihesabu. Vuta pumzi, toa, usipumue, sekunde kumi na tano. Meza ilikuwa fupi, miguu ikabaki nje. Hata hivyo, Alhamisi sekunde kumi na tano zilipatikana mara kumi mfululizo, na Bibi akamshukuru Mungu kwa wimbo mrefu kuliko zoezi lenyewe.

Daktari Fairburn alikuwa na wiki mbili kazini na tai yenye picha za twiga. Jalada la mgonjwa alilibana kwapani, mahali ambapo, bila shaka, lilisomeka vizuri zaidi.

"Familia ya Taufa!" Alichuchumaa mbele ya Losaline, akatoa kasa wa kitambaa mfukoni. "Na huyu ndiye shujaa wetu! Sikiliza. Kasa anaingia pangoni kwake, na pango linapiga kelele: ngo, ngo, ngo! Unadhani kasa ataogopa?"

Losaline alimtazama baba yake. Baba alimtazama Bibi. Bibi aliitazama sakafu. Katika nyumba yao mchungaji hasahihishwi, na daktari hasahihishwi zaidi.

"Nadhani atavumilia, daktari," Losaline alijibu kwa heshima. "Kwa kuwa ni wa kitambaa."

"Ana akili huyu!" Dakika kumi nzima kasa aliingia na kutoka pangoni. Hatimaye daktari alimgeukia Semisi. "Nawe Baba, acha kutetemeka. Kazi yako leo ni kukaa tu."

"Asante sana, daktari," alisema Semisi, povu likimchuruzika hadi kiwikoni. Pete ikachomoka, ikabingirika chini ya viti.

Mlango wa ndani ulifunguka. Alikuwa Bronwyn, mpiga picha wa mashine hiyo, mwenye mvi, aliyeujua moyo ule kwa miaka mingi, maana hospitali hiyo haikuwa na desturi ya kumwachia mtu iliyempasua kifua akiwa mtoto mchanga, awe na umri gani sasa.

"Mama Kalolaine! Yangu iko wapi?"

"Nimekufichia sahani, mwanangu. Hawa mafundi wa taa hawana haya."

"Haya, twendeni. Mzazi mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuingia."

"Ni mimi," alisema Bibi, akivua hereni.

Daktari Fairburn alifungua mdomo, kisha, kwa mara ya kwanza, akafungua jalada.

Kelele zilianza: ngo, ngo, ngo. Katika chumba cha kuongozea mashine, nyuma ya kioo, Losaline alipandishwa kwenye kiti kirefu cha Bronwyn. Alimweka kasa wa daktari magotini, akausogeza mdomo kwenye kipaza sauti.

"Baba, nipo hapa. Vuta pumzi. Toa. Usipumue."

Ng'ambo ya kioo, miguu miwili mikubwa iliyotokeza nje ya mashine, mmoja ukiwa mkononi mwa Bibi, ikatulia.