Neno Poa

Siku hizi gari halifungui milango mpaka injini ijipime yenyewe, na injini haijipimi mpaka aliye ndani aliambie gari kuwa imepoa kabisa. Tumu na mumewe Makame walikuwa wamekwama ndani ya gari mbele ya nyumba yao, jua likiwachoma.

Jirani akapita. "Mambo, Makame?"

"Poa," Makame akajibu kabla hajajizuia.

"Nimesikia, injini imepoa," gari likasema. "Naanza kupima." Injini ilikuwa bado ya moto. Kipimo kikafeli, wakaanza kusubiri upya.

"Mdomo wako utatuua," Tumu akanong'ona.

Binti yao akatoka ndani ya nyumba mbio, akabandika uso kwenye kioo. "Mama, uko poa?"

Tumu akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akaitikia kwa kichwa. Mtoto akamtazama machoni, akaanza kulia.