Raba Chini ya Kitanda

Dirisha lilipogongwa, mshona mapazia alivuta shuka mpaka puani, akaanza kutafuta sauti ya mgonjwa.

"Dada! Kumekucha! Twende tukanyooshe viungo!"

Alikuwa Kamanda, jirani wa ukuta kwa ukuta. Kazi yake ni upishi wa shule, na kwa kuwa amezoea kupigia kelele jiko zima, hata salamu yake husikika mtaa wa pili.

"Leo mgongo, dada. Umenikamata vibaya."

"Jana si ilikuwa goti?"

"Limepanda."

Kamanda aliangua kicheko. "Haya. Kesho basi."

Nyayo zake zikaondoka, na punde geti la kwake likalia. Amefuata chupa ya maji, mshona mapazia aliwaza, akageukia ukutani. Usingizi haukurudi ng'o. Badala yake ilikuja aibu, ikajilaza pale pale upande wa marehemu mumewe.

Maana hakuwa na mgongo wala goti. Alikuwa na uvivu tu.

Yote yalianza siku alipoanguka jikoni alfajiri, peke yake, akalala juu ya vigae mpaka mchana, mteja alipokuja kuchukua mapazia na kumwona kupitia dirishani. Daktari alilaumu presha na kukaa kutwa kwenye cherehani. "Tembea asubuhi, mama," alimwambia. "Hiyo mashine haitakukimbia." Binti yake, anayefanya kazi mji wa mbali, alilia kwenye simu mpaka akakwama kusema. Wiki hiyo hiyo akatuma raba nyeupe, za bei, na Kamanda akamwapia binti kwamba mama yake ataamshwa kila siku ya Mungu.

Asubuhi ya kwanza walikwenda kweli, mpaka kwenye mnara wa maji, wakarudi wameshikana kama walevi, Kamanda akihema kuliko mgonjwa wake. Asubuhi ya pili mshona mapazia alisingizia kichwa. Tangu hapo hakuna kiungo ambacho hakikuwahi kumuuma.

Kilichomtesa zaidi ni simu ya binti. Iliingia kila siku chai ikiwa bado ya moto.

"Mama, umeamka salama? Na mazoezi?"

"Ndiyo natoka huko, mwanangu. Jasho linanitoka."

"Hongera, mama. Hongera sana."

Hongera ile ilimchoma kuliko sindano. Akikata simu hukaa akiutazama mvuke wa chai, akijiuliza ni lini hasa aligeuka kuwa mama wa kumdanganya mtoto wake.

Binti alipokuja kumtembelea, mama mtu mzima alitoka uani kwa kunyata, akazipaka raba udongo kwenye soli na kuzikwaruza ukutani. Binti alizigeuza, akazitazama, akatabasamu. Akashinda siku nzima akimsaidia kupinda mapazia ya hoteli. Alipoondoka, aliondoka hata na ufunguo wa akiba wa mlango uliokuwa ukining'inia msumarini. Mama yake hakutaka kumsumbua kwa ajili ya ufunguo. Mtu aliyepaka viatu udongo atamuuliza nani kuhusu usahaulifu?

Basi siku zikaenda, goti likipanda na mgongo ukishuka, mpaka asubuhi ile ya mvua.

Dirisha liligongwa kama kawaida, lakini sauti ilikuwa imekauka. Kamanda alikohoa, akakohoa tena, ndipo akaweza kusema, "Dada... kumekucha."

"Mvua, dada," alijibu mshona mapazia kutoka kwenye joto la blanketi. "Nenda wewe tu."

"Haya. Kesho basi," ilisema ile sauti iliyokauka, na kikohozi kikaondoka nayo kwenye mvua.

Hapo roho ilimsuta kisawasawa. Mwanamke wa watu anaumwa kifua, ana masufuria ya shule yanamngoja, na bado anatoka kwenye maji kwenda kukimbia, tena anapita kumwita mvivu asiyeitika vizuri! Siku nzima cherehani ilimkatikia uzi. Jioni aliziosha raba zile udongo wa uongo, akazianika. Alijiapia kuwa kesho atakwenda, hata kama ni kutambaa, na njiani atamwomba Kamanda radhi kwa viungo vyote alivyovisingizia.

Akaamka kabla ya jogoo. Akavaa, akafunga kamba za raba mafundo mawili mawili, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, taa imezimwa. Alitaka kumfanyia mwenzake kioja: agonge wee, kisha mlango ufunguke, atokee mwanamichezo.

Dirisha la chumbani likagongwa. "Dada! Kumekucha!"

Mshona mapazia aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Dada?"

Likagongwa tena, safari hii kwa kofi.

"Dada, leo nini? Ni goti?" Kofi jingine. "Dada, sema mgongo. Sema chochote, nakuomba."

Akaondoa kiganja mdomoni. Kabla hajainuka alisikia nyayo zikizunguka nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimsikia Kamanda akikimbia. Kitu kikahangaika kwenye kitasa, kikaingia, kikazunguka.

Mlango ukafunguka. Kamanda alisimama pale na gauni la kulalia, ndara mguu mmoja, ufunguo wa akiba mkononi na simu sikioni.

"Usilie, mwanangu," alisema akitweta. "Yupo. Yupo mzima. Kavaa raba."