Tundu la Tatu

Pembezoni mwa bodi ya kamera, iliyozima taa tangu jana, palikuwa na matundu manne yasiyoandikwa kitu, madogo kama ya sindano. Maram aliyapima moja moja kwa mita ya umeme. Kwenye la tatu namba zikacheza: hapo ndipo kamera ilipokuwa ikisema yake. Akatia waya, akauunganisha na kompyuta.

"Imepona?" aliuliza mama. Alikwisha kukaa mahali pake, kanga mpya, wanja machoni, kama kila asubuhi tangu kaka alipokuja hapa Ibra kuitundika ili amwone akiwa mbali. "Kakako asije akanikosa leo."

Maram, aliyemkogesha na kumvisha, alikuwa akisoma maandishi kwenye kompyuta. Kamera ilikuwa imeandika kila aliyeifungua kutazama. Jina la kaka lilikuwamo mara moja, siku ile ile aliyoitundika.

Angeweza kunyamaza. Miaka yote amenyamaza.

"Mama, hakutazami. Tangu siku ile ya mwezi wa Rajabu hajaifungua tena."

Mama aliitazama kamera iliyokuwa matumbo nje. Kisha akaivua kanga taratibu, akaikunja, akamkabidhi.

"Basi niletee ile kuukuu," alisema. "Kumbe anayeniona ni wewe tu."