Rufaa Nyuma ya Kichuguu

Wanyama walipokubaliana kuwapelekea majani wenzao wasioweza kutembea, walimpa Ngiri kazi ya kuamua nani anastahili.

Siku ya kwanza alimkataa Nyumbu aliyevunjika mguu, kwa kuwa hakufika mbele yake. Siku ya pili alifika Digidigi jike, naye amevunjika mguu, akijikokota ubavuni mwa mumewe.

"Umefika," alisema Ngiri. "Basi unatembea. Nimekataa."

"Mheshimiwa," alisema mume, "jana asiyefika alinyimwa, leo aliyefika ananyimwa. Afanyeje?"

"Akate rufaa. Rufaa husikilizwa nyuma ya kichuguu."

Walizunguka kichuguu, wakamkuta Ngiri.

"Nimepitia uamuzi wa yule bwana wa mbele," alisema. "Sioni kosa."

Digidigi jike hakumaliza kiangazi.

Mvua ziliporudi, Ngiri aliingia shimoni mwake kinyumenyume, kama ngiri wote, akavunjika mguu. Alijikokota hadi kwa Nungunungu, aliyeshika nafasi yake mbele ya kichuguu.

"Umefika, mzee. Basi unatembea."

"Nakata rufaa!"

"Karibu nyuma ya kichuguu. Msikilizaji bado ni wewe."

Ngiri alijivuta hatua tatu, akaanguka.

"Msikilizaji hakufika," alisema Nungunungu, "na mkata rufaa pia. Nimekataa."

Digidigi mgane alikuja na fungu la majani, akaliweka mbele ya Ngiri.

"Nani ameidhinisha?" aliuliza Ngiri.

"Hakuna. Nimeutazama mguu wako."