Mikono Juu ya Gari

Tangu mchezo ule wa polisi uanze kuonyeshwa kwenye televisheni, mimi nilikuwa mwizi. Jina lilibadilika kila nilipoitwa, kofia ilikuwa ile ile. Kisha watazamaji weusi wenzangu wakapiga kelele mpaka wakubwa wakasikia, nami nikapewa suti ya kijivu na beji ya mpelelezi.

Siku ya kwanza tulirekodi barabarani, Los Angeles, juani. Doyle, mpelelezi mzungu aliyezoea kunikamata, sasa alikuwa mwenzangu. Mwizi wetu alikuwa mzungu pia, nywele za dhahabu.

"Haya, anzeni!" mwongozaji akasema.

Doyle akafoka, "Mikono juu ya gari!"

Bati lilikuwa la moto. Viganja viliungua kabla sijatambua kwamba ni vyangu.

"Odell, ndugu yangu, leo askari ni wewe!" mwongozaji alisema, akicheka mpaka akashika tumbo. Wapiga picha wakaangua kicheko. Hata mwizi alicheka, mikono mfukoni.

Doyle peke yake hakucheka. Alikuwa akiutazama mkono wangu wa kulia, ambao alikuwa ameshautia pingu.